Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua kamshafti na kutyuni injini ya EFI (ya nozo zinazomwaga mafuta kwa umeme) iliyofanyiwa ovahoo

Nimefanya ovahoo ya injini, sasa nifunge kem gani?

Hili ndo linaulizwa kuliko yote, na huwezi kujibiwa kwa kutajiwa namba ya kem (yaani kamshafti, shafti yenye matuta yanayofungua valvu) kabla hujasema gari inafanya kazi gani, ina uzito gani, CC ngapi, ni manyuo au oto, na muda mwingi injini inakaa resi (mizunguko kwa dakika) ngapi. Kem haiongezi nguvu kila mahali, inahamisha. Inatoa huku chini inapeleka kule juu. Kem iliyokatwa kwa ajili ya resi 4,000 hadi 7,500 itakuwa butu kabisa kwenye resi 2,000, na resi 2,000 ndo mahali gari ya kila siku inaishi, yaani unakanyaga kupandisha kilima unasikia mlio tu gari haisogei.

Kwa hiyo andika kwanza resi ambazo unazitumia kweli, siyo zile unazozifikia mara moja kwa mwezi ukiwa na jamaa zako. Ukishapata hiyo, chagua kem inayofanya kazi hapo, na kama umebaki njia panda kati ya mbili chukua ndogo. Watu wengi wanaorudi kubadilisha kem wanarudi kupunguza, wanaorudi kuongeza ni wachache.

Kumbuka pia kwamba CC zinameza kem. Kem ileile ikiwa kwenye injini ya lita 2 inaonekana kali, ukiiweka kwenye ya lita 3 yenye hedi ya aina ileile inaonekana ya upole, kwa hiyo usikopi kem ya mtu bila kuangalia injini yake.

Karatasi ya kem ina namba kibao, zinamaanisha nini?

Za muhimu ni tatu. Ya kwanza ni muda valvu inakaa wazi, inapimwa kwa digrii za kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni (siyo za kem yenyewe, maana kem inazunguka mara moja kranki ikizunguka mara mbili). Ya pili ni lifti, valvu inanyanyuka milimita ngapi. Ya tatu ni pembe kati ya kilele cha lobu (tuta la kem) ya intek, upande wa kuingiza hewa, na kilele cha lobu ya egzosi, upande wa kutoa moshi, hii inapimwa kwa digrii za kem na mara nyingi iko kati ya 106 na 116.

Sasa hapa kuna mtego kwenye hiyo ya kwanza. Watengenezaji hawaanzi kupima sehemu moja. Mwingine anaanza kuhesabu valvu ikinyanyuka kidogo tu hata hujaiona kwa macho, anapata namba kubwa ya kutangazia, mwingine anahesabu kuanzia milimita 1, na wa Marekani wengi wanatoa namba iliyopimwa kuanzia inchi 0.050 ambayo ni milimita 1.27. Kem moja inaweza kuitwa 270 kwenye tangazo na ikawa 220 na kitu ukiipima kwenye 1.27. Usilinganishe kem mbili kama hujui zimepimwaje. Ukiuliza muuzaji akashindwa kukwambia, nunua kwa mwingine.

Ovalapi ni nini, na kwa nini injini ya nozo inaisumbukia kuliko ya kabureta?

Ovalapi ni kile kipindi egzosi haijafunga bado na intek imeshaanza kufunguka. Hesabu yake rahisi: chukua muda wa intek jumlisha wa egzosi, gawa kwa 2, halafu toa pembe ya kati mara mbili. Mfano kem ya 270 kwa 270 yenye pembe ya 110: 270 toa 220, ovalapi ni digrii 50. Kem hiyohiyo ikikatwa kwa pembe ya 114 inakuwa 270 toa 228, digrii 42. Unaona muda haujabadilika hata kidogo lakini injini itatulia zaidi.

Kwenye resi za juu ovalapi ni rafiki, moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya iingie. Kwenye sailensi, yaani injini inanguruma tu hujakanyaga mafuta, ni shida, kwa sababu manifodi (njia ya kuingizia hewa) ina vakyumu, yaani mvuto, na moshi unarudi nyuma kuingia intek. Mchanganyiko unachafuka, silinda moja inawaka vizuri nyingine inakosa, ndo ule mtikisiko.

Kabureta haina akili, inamwaga tu. EFI inasoma sensa na sensa zinadanganywa. Hewa safi inapita moja kwa moja hadi egzosi, pia silinda iliyokosa kuwaka inatoa oksijeni yake yote, sensa ya oksijeni inaiona oksijeni hiyo inaripoti kwamba mchanganyiko ni mwepesi, kontroo boksi (kompyuta ya injini) inaongeza mafuta wakati yalikuwa yanatosha. Unakuta egzosi inanuka petroli hadi macho yanawasha halafu skana inakuonyesha injini ina njaa. Hapo sensa ni nzima, usiitupe.

Injini yangu inatumia MAP, nyingine inatumia MAF. Inabadilisha uchaguzi wa kem?

Inabadilisha sana. Mfumo wa MAP haupimi hewa, unapima presha ya manifodi halafu unakisia hewa kwa kuangalia jedwali lililotengenezwa kwa injini ya stoku, yaani ya kiwandani. Injini ya stoku kwenye sailensi inakaa kama kPa 30 hadi 40. Ukifunga kem kubwa inapanda 50, 60, na kontroo boksi haijui kama umebadilisha kem, inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga. Kwa MAP kem ikizidi ile ya upole ni lazima jedwali liandikwe upya, hakuna ujanja.

MAF inapima hewa yenyewe kwa hiyo inavumilia zaidi, ukipandisha kem kidogo inajirekebisha. Tatizo lake ni mawimbi: kem yenye ovalapi kubwa inarudisha pumzi nyuma hadi kwenye sensa, hewa inapita kwenda, inarudi, inahesabiwa mara mbili. Kusogeza sensa mbali na throto bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) kunasaidia kiasi.

Zile zenye throto moja kwa kila silinda kwa kawaida zinatyuniwa kwa nafasi ya throto badala ya presha, maana vakyumu yake haisomeki vizuri.

Nataka tu ule mlio wa kudunda kwenye sailensi

Unalipia kwa mafuta, kwa breki na kwa nguvu ya chini. Kama umekubali, sawa, gari ni yako.

Kuhusu breki, nimesikia pedali inakuwa ngumu, ni kweli?

Kweli. Busta ya breki inatumia vakyumu ya manifodi. Injini ya kawaida iliyo nzima inatoa inchi 18 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi, kem kali inaweza kukuacha na 10 au 12 na hapo busta inaanza kulalamika, hasa ukikanyaga mara mbili mara tatu mfululizo kwenye foleni. Suluhisho ni pampu ya vakyumu ya umeme au kem ndogo. Usiendeshe hivyohivyo ukisema utazoea.

Injini ina turbo, nichague vipi?

Ovalapi ndogo, pembe ya kati pana, mara nyingi 112 kwenda juu. Presha ya moshi kabla ya turbaini mara nyingi inazidi presha ya busti (hewa inayosukumwa na turbo), kwa hiyo ukiacha valvu zote mbili wazi muda mrefu moshi ndo unaoingia kwenye silinda. Turbo nyingi zinafurahia kem ya stoku kuliko watu wanavyodhani.

Zaidi ya kem nibadilishe nini?

Spring za valvu, bila mjadala. Kem yenye lifti kubwa kwenye spring za zamani ina mambo mawili: spring inajikunja hadi pete zake zinagusana (acha angalau milimita 1.5 valvu ikiwa imefunguka mwisho), au spring ni dhaifu valvu haifuati lobu kwenye resi za juu, inaelea. Kwenye injini ambayo pistoni na valvu zinaweza kukutana, kuelea kunaisha vibaya.

Halafu nafasi kati ya pistoni na valvu, na hapa ndo nataka utulie. Hedi imeskimiwa (imekwanguliwa uso)? Bloku limeskimiwa? Gasketi ni nyembamba kuliko ya mwanzo? Basi ile kauli ya "hii kem inaingia bila kugusa" imeshakufa, pima mwenyewe. Weka vipande vya plastisini juu ya pistoni kwenye vikato vya valvu, paka oili kidogo isigande kwenye valvu, funga hedi na gasketi ambayo imeshatumika na kukandamizwa, funga taimingi sawasawa, zungusha kranki kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili, taratibu, ukihisi imekaza SIMAMA usilazimishe. Fungua hedi, kata plastisini katikati kwa wembe pima pale palipo pembamba zaidi. Kwa kawaida tunataka isiwe chini ya milimita 2 upande wa intek na 2.5 upande wa egzosi, egzosi inapewa zaidi kwa sababu valvu yake inapata joto inarefuka na pia pistoni ndo inaifukuza. Kama tapeti zako (vipande vinavyosukumwa na lobu kufungua valvu) ni za haidroliki zitajikandamiza zikudanganye, tumia tapeti ngumu ya kupimia na spring laini.

Kompresheni nayo. Kem yenye muda mrefu inachelewa kufunga intek, pistoni inapanda huku hewa bado inatoroka kurudi manifodi. Ndo maana kem kubwa inataka pistoni za kompresheni kubwa zaidi, na ukiifunga kwenye kompresheni ndogo inakuwa imelala huku chini. Kama pistoni zimeshafungwa na huzigusi tena, acha ziamue kem.

Kudigrii kem ni lazima? Si nafunga alama kwa alama?

Kwa kem ya stoku na gia za stoku, alama kwa alama inatosha. Kwa kem ya kukatwa, au hedi/bloku lililoskimiwa kwenye injini ya kem juu (kem iko kwenye hedi), digrii, yaani ipime kwa sahani ya digrii. Kuskimu kunasogeza kem karibu na kranki na cheni au belti inachelewesha kem kidogo, mwenyewe hujui.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Unafunga sahani ya digrii kwenye kranki, unatafuta TDC (pistoni ikiwa juu kabisa) kwa kizuizi cha pistoni, siyo kwa kukisia pale pistoni "imesimama", maana hapo juu kranki inazunguka digrii kadhaa pistoni haisogei. Zungusha hadi iguse kizuizi, soma, zungusha kinyume iguse tena, soma, TDC iko katikati. Kisha dayo geji (geji ya mshale ya kupima milimita) kwenye tapeti ya intek, soma digrii pale ambapo imebaki milimita 1 kufika kilele, na pale ambapo imeshashuka milimita 1 baada ya kilele, katikati yake ndo kilele cha lobu. Karatasi inasema 108 wewe umepata 112, kem imechelewa digrii 4. Kwenye hivi vipimo vya kem zungusha siku zote upande ambao injini inazunguka, ukirudi nyuma ulegevu wa cheni unaingia kwenye namba zako.

Kuiwahisha kem kidogo kunaleta nguvu chini, kuichelewesha kunaipeleka juu. Kwenye injini ya kem mbili ukiwahisha intek peke yake unaongeza pia ovalapi, kwa hiyo rudi upime tena nafasi ya pistoni.

Kuwasha mara ya kwanza, niiache inangurume taratibu izoee?

Hapana, na huu ushauri umeua kem nyingi. Kama kem yako ni ya tapeti bapa zisizo na rola, lobu na tapeti zinapata oili ya kurushwa na kranki, kwenye sailensi hairushwi ya kutosha. Paka mafuta ya kufungia kem kwenye lobu, tumia oili yenye zinki nyingi, jaza mfumo wa oili kwanza hadi presha ionekane kwenye geji, na ikiwaka tu ipeleke resi 2,000 hadi 2,500 ukiipandisha na kushusha humo kwa dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo kabla ya kupiga stata hakikisha ina maji, haivuji, taimingi ya moto iko karibu na ukweli na jedwali la mafuta linaweza kuiwasha mara moja, maana kusaga stata robo saa kunafuta yale mafuta yote uliyopaka. Kem za rola hazihitaji hilo zoezi.

Ringi ni habari nyingine, zinataka mzigo. Ikishapata joto na haivuji, toa gari barabarani, kanyaga kiasi kwenye gia ya juu, achia ijivute yenyewe kwa injini, rudia. Usitumie oili ya sintetiki kwa mwanzo huo, na imwage mapema uangalie kuna nini ndani ya filta.

Nozo zangu zitatosha?

Hesabu. Chukua nguvu unayotegemea, zidisha kwa 0.5 (ratili za mafuta kwa kila hosipawa kwa saa, injini isiyo na turbo), gawa kwa idadi ya nozo mara 0.8 ili zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Hosipawa 200 na nozo 4: 100 gawa kwa 3.2, unapata kama 31 kwa saa, ambayo ni karibu cc 330 kwa dakika. Turbo weka 0.6 badala ya 0.5. Na uangalie hizo cc zilipimwa kwa presha gani, wengi wanapima kwa bar 3.

Usinunue nozo kubwa mno kwa kujihami. Kwenye sailensi inafunguka muda mfupi sana hadi mmwago unakuwa haueleweki, na hapo unakuja kulaumu kem. Halafu kila nozo ina ucheleweshaji wake wa kufunguka, unabadilika na volti ya betri, hiyo namba iombe kwa muuzaji uiingize. Ukiikosea, ukiwasha taa na feni sailensi inaharibika.

Nianzie wapi kutyuni?

Laptopu iache kwanza. Hakikisha kompresheni ya silinda zote haijapishana zaidi ya asilimia 10, presha ya mafuta iko sawa, hakuna hewa inayopenya kwenye manifodi, egzosi haivuji kabla ya sensa (uvujaji hapo unaingiza hewa, unasoma wepesi wa uongo), sensa ya throto inasoma sifuri ukiwa hujakanyaga, sensa za joto zikiwa baridi zinaonyesha joto la hewa iliyopo.

Kisha taa ya taimingi. Funga taimingi ya moto kwenye programu isimame mfano digrii 10, angalia kwenye puli ni 10 kweli? Panda resi, bado ni 10? Kama inasogea, mpangilio wa sensa ya kranki umekosewa na kila namba utakayoandika baadaye ni uongo.

Baada ya hapo ndo mafuta, ukiwa na waidibendi (sensa inayosoma mchanganyiko kwa namba kamili). Sensa ya oksijeni ya kawaida inajua tu mzito au mwepesi kuzunguka ile volti 0.45, haikwambii kwa kiasi gani. Anza mzigo mdogo, resi kwa resi, halafu upande. Kukanyaga mwisho kunakuja mwishoni kabisa.

Mchanganyiko uwe ngapi?

Kwa petroli: mwendo wa kawaida hewa 14.7 kwa petroli 1, yaani lamda 1. Kukanyaga mwisho bila turbo 12.5 hadi 13 hivi. Turbo iwe nzito zaidi, 11.5 hadi 12 ni pa kuanzia. Sailensi na kem kubwa usiilazimishe 14.7, ipe inachotaka, mara nyingi 13.5 hadi 14, na zima urekebishaji wa sensa ya oksijeni humo kwenye sailensi kwa sababu ile niliyosema juu.

Na taimingi ya moto?

Kem kubwa inapenda moto wa mapema zaidi kwenye sailensi na mzigo mdogo, moshi uliobaki ndani unachelewesha mchanganyiko kuungua. Digrii 18 hadi 22 kwenye sailensi siyo ajabu. Kwa mzigo mkubwa anza chini, ongeza 1 au 2, na nguvu ikiacha kuongezeka rudi nyuma hata kama haijagonga (mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda). Ukisikia kile kisauti kama kokoto ndani ya mkebe, achia mguu papo hapo. Kwenye injini nyingine huwezi kukisikia kwa sababu ya kelele za egzosi, tumia vifaa vya kusikilizia.

Sailensi inapanda inashuka haitulii

Kwanza hewa inayopenya, tena na tena. Kama ni MAP hewa hiyo inapandisha sailensi, kama ni MAF inafanya mchanganyiko kuwa mwepesi. Ukishaiondoa, fungua throto kidogo kwa skrubu ili valvu ya sailensi isifanye kazi yote, panga upya sifuri ya sensa ya throto, inua sailensi hadi 850 au 950, usiing'ang'anie 700 ya stoku. Halafu tumia moto kuituliza: jedwali liwe na digrii zaidi chini ya resi unayoitaka na pungufu juu yake, ikishuka moto unaivuta ikipanda unaizuia. Moto unajibu haraka kuliko hewa.

Kontroo boksi ya stoku inafaa?

Kama inaweza kuandikwa upya, inafaa na mara nyingi ni bora kuliko ya kununua, maana kuwaka asubuhi, feni na AC vimeshapangwa tayari. Kama haiandikiki, baki na kem ya upole. Visanduku vya kudanganya sensa achana navyo.

Imetyuniwa vizuri lakini asubuhi haiwaki mpaka nikanyage

Jedwali la baridi halijaguswa. Kuna mafuta ya kupiga stata, ya sekunde za kwanza baada ya kuwaka, na ya kupasha joto, kila moja inategemea joto la maji. Kem kubwa inavuta hewa kidogo stata ikizunguka kwa hiyo namba za stoku haziendani, mara nyingi inazidiwa mafuta siyo kupungukiwa, kwa hiyo kabla ya kuongeza toa plagi uone kama zimelowa. Badilisha jedwali moja kwa wakati, na ujue unapata jaribio moja tu kwa asubuhi, ikishawaka ikapata joto unasubiri kesho yake.